Dawa ya Moyo Haipumzishwi Wiki ya Waru

Bwana asifiwe, kina mama. Tena asifiwe. Ya tatu itikieni wenyewe, mimi leo pumzi yangu nina kazi nayo.

Mama mwenyekiti ameniomba ushuhuda mfupi. Amenishika mkono pale nje akaniambia, "Mama, shukuru Mungu, shukuru kikundi, halafu ukae. Wageni wa kanisa wana haraka." Nikamwambia sawa. Lakini sasa nimesimama hapa nikiangalia hizi nyuso zenu, na nasikia siwezi kuanza na shukrani. Shukrani iko, itakuja. Kwanza nina hasira. Nimekaa na hii hasira tangu nitoke hospitali, nimepika nayo, nimelala nayo, na leo inatoka. Kama kuna anayeona ni vibaya mtu kukasirika ndani ya nyumba ya Mungu, mlango uko wazi, aende akaangalie chai kama imechemka.

Wageni wetu, niwaeleze kidogo ndio msipotee. Sisi ni wanawake wa huku juu Kibirichia. Karo yetu ni waru, hivi viazi vyetu, sare za shule ni waru, hata hii nguo niliyovaa ni waru. Na waru zikikomaa hazina subira. Mvua ikizikuta ardhini zinaoza zote, unabaki kushika pua. Mtu mmoja hawezi kuchimba shamba peke yake akashinda mvua, kwa hivyo tunachimbiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwa mwenzako, mpaka tumalize wote. Jasho unalotoa kwa wengine ndilo linarudishwa kwako. Hicho ndicho kikundi chetu, na ni kikundi kizuri, sikatai.

Sasa tuna desturi yetu. Tunapanga safu juu ya shamba, kila mtu na laini yake, kila mtu na forki jembe yake ya meno, tunashuka pamoja. Ukimaliza laini yako unageuka, unasimamisha jembe, unaliegemea, unamwangalia aliyebaki nyuma. Humwongeleshi. Humsaidii. Na uji hauguswi mpaka yeye afike. Wanasema ni ya kumtia mtu bidii. Mimi tangu niolewe huku nilikuwa naiona ni mchezo tu, kwa sababu nilikuwa mwepesi, sikuwahi kuangaliwa.

Halafu nikaanza kukosa pumzi.

Nilianza kidogo kidogo. Kupanda kutoka mtoni na ndoo nikawa napumzika katikati, nikiwadanganya watoto ati naangalia mahindi ya jirani. Usiku nikilala chali nasikia kama nimewekewa gunia kifuani. Moyo nao unakimbia, unaruka, unasimama kidogo, unakimbia tena. Na mnajua sisi tulivyo. Kila mtu hapa alikuwa daktari. "Hiyo ni baridi ya mlima imekuingia." "Hiyo ni asidi, kula ndizi mbivu." "Mama, umenenepa, punguza muthere." Muthere wenyewe ni mahindi na maharagwe, sasa nikipunguza nile nini, mawe? Mwingine akaniambia ni mawazo kwa sababu baba watoto ni fundi wa mawe na kazi yake iko mbali, harudi nyumbani ila mara moja moja. Ati namwaza. Mtu amekosa pumzi, nyinyi mnamwambia ni mapenzi!

Siku niliyoshindwa kumaliza kukama ng'ombe, msichana wangu mkubwa aliniingiza kwa gari la waru tukashuka mjini mpaka hospitali. Wakanipaka mafuta baridi kifuani, wakaangalia moyo kwenye kioo cha mashine. Daktari mmoja akasema nina mlango wa moyo ulioharibika tangu utotoni, kwa yale magonjwa ya koo na viungo tuliyokuwa tunaachiwa yapite yenyewe. Mlango ukawa mgumu, haufunguki vizuri. Alisema hayo akiandika, hata hakuniangalia. Akanipa tembe za kutoa maji mwilini na nyingine ndogo nyeupe ya kila siku. Nikauliza, "Daktari, hii nyeupe ni ya nini?" Akasema, "Ni ya moyo. Mwingine aingie!"

Hayo ndiyo yote niliyoambiwa. Ndugu zangu, nawaambia, mtu ananunua mbolea dukani anaelezwa zaidi ya hapo. Mwenye duka atakwambia weka hivi, usiweke karibu na mzizi, mvua ikikosa ngoja. Lakini dawa ya moyo wangu, "mwingine aingie."

Na nisiwe mnafiki, hiyo tembe ilinisaidia. Hilo nataka mlisikie vizuri ndio msije mkatoka hapa mkisema nimewakataza dawa. Haikuchukua muda mrefu, ile mbio ya moyo ikatulia. Nikalala chali, mimi huyu, nikaamka asubuhi nikashangaa niko vile vile chali. Nikapanda kutoka mtoni bila kumdanganya mtu. Nikaja kanisani nikaimba ubeti mzima. Nililia siku hiyo, na wengine mlidhani ni Roho. Alikuwa Roho, lakini na tembe ilikuwa ndani.

Lakini ilikuja na mambo yake. Vidole vikawa baridi, baridi ya kufa. Mnajua asubuhi ya huku ilivyo, hata mzima anapuliza mikono. Mimi nilikuwa nikimshika ng'ombe chuchu, anaruka! Ng'ombe niliyemlea tangu akiwa ndama, ananiangalia kama mwizi. Akawa anabana maziwa, mara anapiga ndoo teke. Mama mkwe wangu akaniuliza kama nimegombana na mtu, labda nimewekewa kitu mkononi. Nikawa nachemsha maji ya kuosha mikono kwanza ndio ng'ombe akubali. Mnacheka. Chekeni, hata mimi nimecheka. Lakini wakati huo sikuwa nacheka, nilikuwa naogopa, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba hiyo baridi ni ya tembe.

Na mwili ukawa mzito. Miguu kama ya mtu mwingine. Natuma mkono ufanye kazi, unakuja polepole. Nikiinuka haraka, macho yanaingia giza.

Ndipo msimu ukafika, tukaanza kuchimba.

Siku ya kwanza nilibaki nyuma. Nikainua macho, nikawaona mmegeuka wote. Majembe yamesimama, mmeyaegemea, mnaniangalia. Hakuna anayesema kitu. Uji unapoa kwenye debe. Mimi niko katikati ya laini yangu nachimba, nainama, naokota, giza linakuja machoni, linaenda. Mama zangu, hamjawahi kuangaliwa hivyo nyinyi. Ningependa kila mmoja wenu aangaliwe hivyo siku moja, halafu tuongee kuhusu bidii.

Siku ya pili vile vile. Na baada ya hapo maneno yakaanza. Sitataja jina la mtu, nimeahidi. Mmoja akasema, nikiwa nasikia, "Mgonjwa gani huyu amenona mashavu?" Mwingine, "Kwa sahani hachelewi." Mwingine, na huyu ndiye aliniumiza zaidi kwa sababu nilimshika mkono akijifungua, akasema, "Tukifika kwake na sisi tuchimbe hivyo hivyo, pole pole, mvua itusaidie." Mkacheka. Nikacheka pia, ningefanya nini? Jioni nikafika nyumbani nikakaa jikoni na hasira yangu, moto sikuwasha.

Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, waru zangu. Nilikuwa nimepanda shamba lote, hata kipande cha kukodi, na msichana wangu alikuwa anangoja kuingia chuo. Mkinitoa kwa zamu, nani atanichimbia? Baba watoto aliye mbali, na mgongo wake mbovu? Mama mkwe na miaka yake?

Basi kuna mama mmoja, mkubwa wetu, tunamheshimu sana. Yuko hapa. Jioni hiyo alinipitia nyumbani, akaniletea kabichi, akakaa. Akaniuliza, "Kwani wewe bado unameza hizo dawa wiki ya kuchimba?"

Nikasema, "Si nimeambiwa kila siku?"

"Kila siku ni ya watu wa ofisi. Sisi wote wiki ya waru tunazipumzisha. Mimi zangu za presha huziweka juu ya kabati. Zile za maji zitanifanya nikimbie kichakani kila saa, zile zingine zinanilegeza. Nikimaliza kuchimba narudia. Na si niko hapa?"

"Na moyo?"

"Moyo ni wa Mungu, mwanangu. Pumzisha hizo dawa, uchimbe, ulinde jina lako. Baadaye utameza hata mbili mbili."

Alisema kwa upendo, sikatai. Na mnajua alisema kweli. Humu ndani mnapumzisha! Msiangalie chini, mnajua ni kweli. Ile wiki ya kwanza ya waru, makabati ya Kibirichia yote yamejaa tembe zimelala, na wenyewe wako shambani wanaulizana, "Umeziweka?" "Nimeziweka." Kama watu wanaoacha viatu vya kanisa nyumbani visiharibike kwa matope. Hiyo ndiyo akili yetu. Sijasikia watu wa mahali pengine wakifanya hivyo, ni sisi.

Nikaziweka juu ya kabati.

Na niwaambie jambo la hatari zaidi. Mara ya kwanza ilikuwa tamu. Vidole vikarudi na joto. Miguu ikarudi kuwa yangu. Ng'ombe akanipa maziwa mpaka ndoo ikajaa. Shambani nilimaliza laini yangu na wa kwanza kwanza, nikageuka, nikasimamisha jembe, na mimi nikaegemea. Mkapiga vigelegele. "Amepona! Mungu ni mwema!" Mama mmoja akanikumbatia. Nikajiambia, kumbe ile tembe ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe.

Siku hazikuwa nyingi baada ya hapo. Tulikuwa kwenye shamba la mteremko, lile linaloishia kwa miti. Asubuhi niliamka na moyo unapiga mpaka blanketi linatikisika. Nikasema ni haraka tu ya kazi. Nikafika shambani nikaanza kuchimba, nikawa nasikia pumzi haifiki chini. Nainama, nainuka, napumua juu juu. Moyo ukaanza kukimbia, na hii mbio haikuwa ile ya zamani. Hii ilikuwa imefunguliwa kamba. Kama aliyekuwa ameshikwa shati ameachiliwa akiwa bado anavuta.

Nikakohoa. Nikaangalia mkono, nikaona povu, na lina rangi ya damu damu. Nikapiga magoti. Nikajaribu kuita, sauti haikutoka.

Nikainua macho niombe msaada.

Mlikuwa mmemaliza laini zenu. Mlikuwa mmegeuka. Mlikuwa mmeegemea majembe, mnaniangalia.

Nimeanza kulia, mnisamehe. La, msinisamehe, ngoja nimalize. Nilikuwa nakufa mbele yenu, na mlikuwa mnaningoja nimalize laini! Nilikuwa nazama kama mtu aliye ndani ya maji, kwenye shamba kavu, saa ya asubuhi jua likiwaka, na wanawake ninaowajua kwa majina ya watoto wao wamesimama kimya kwa sababu desturi inasema usimwongeleshe, usimsaidie. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa uzazi.

Aliyekuja ni mmoja. Ni yule msichana aliyeolewa huku akitoka Embu, wakati huo hakuwa amemaliza hata msimu mmoja na sisi. Hakuijua desturi yetu vizuri. Aliona mtu amepiga magoti anatoa povu, akatupa jembe akakimbia akikanyaga waru za watu. Ndipo na nyinyi mkashtuka mkaja. Na mlipokuja, mkaanza tena udaktari. "Mlazeni!" "Mmwagieni maji!" "Mpeni maziwa, amekula sumu!" Mkanilaza, nikaanza kwenda kabisa. Nikawa nawapiga na mikono. Huyu msichana akasema, "Mbona anakataa kulala? Mwacheni akae!" Akakaa chini nyuma yangu kwa udongo, akaniegemeza kifuani kwake, nikapata pumzi kidogo. Hakuwa na elimu yoyote ya hospitali. Aliniangalia tu, akaamini ninachokataa.

Kulikuwa na pikapu imekuja kubeba waru. Dereva hakuuliza nani atamlipa. Alifungua mlango wa nyuma, akasukuma magunia yakaanguka barabarani, tukaenda.

Huko wodini waliniwekea oksijeni, wakanidunga dawa, nikakojoa maji mpaka nikaaibika. Nilipoweza kuongea, akaja daktari mwanamke, kijana tu, umri wa msichana wangu ukiongeza kidogo. Akasimama kando ya kitanda amekunja uso.

"Mama, nani alikwambia uache hii dawa?"

Nikavuta ile oksijeni. Nikamwambia, "Na nani aliniambia nisiiache?"

Akafungua faili yangu.

"Niambie, daktari. Jina lake nani? Nilikuja kwenu, mkaniambia ni ya moyo, mwingine aingie. Vidole vikafa, sikuambiwa. Mwili ukawa mzito, sikuambiwa. Nikadhani nimerogwa!"

Akasema, "Uchovu na mikono baridi tunavijua, mama. Hutokea. Tungekupunguzia kipimo, au tungekubadilishia aina."

"Mnajua?"

"Tunajua."

"Sasa kama mnajua, mimi mbona sikujua? Hiyo siri mnamfichia nani?"

Nilikuwa napiga kelele, nesi akaja mbio kuangalia. Lakini yule daktari hakukasirika. Alienda akaleta kiti, akakaa, akaniambia, "Una haki. Sasa sikiliza, na ukiwa hujaelewa nirudishe." Nikamrudisha mara nyingi. Nawapa kama alivyonipa.

Alisema mlango wangu wa moyo ni mwembamba. Damu inahitaji muda kupita. Moyo ukienda polepole, muda unapatikana. Moyo ukikimbia, damu haipati nafasi, inarudi nyuma, na nyuma ni mapafu. Ndiyo lile povu. Kazi ya tembe yangu ni kuuzuia moyo usikimbie, na ndiyo maana nililala chali. Akaniambia kuna ukoo mzima wa hizi dawa, madaktari wanaziita beta bloka, na nyingi majina yake kwenye pakiti yanaishia na lol. Wengine wanapewa kwa presha, wengine kwa moyo uliochoka, wengine waliowahi kupata shambulio la moyo, na zimewaweka watu wengi hai. Lakini mwili ukizizoea, halafu uziondoe ghafla, moyo unalipuka na mbio kuliko ulivyokuwa kabla. Kama ni ya kuachwa, daktari anaipunguza kidogo kidogo. Haiachwi kwa siku moja kwa sababu waru zimekomaa.

Na si ya kila mtu, hilo mlisikie pia. Kuna jirani yangu aliwahi kuniomba nimkopeshe moja, ati moyo wake unadunda akiona bili ya stima. Ana pumu yule! Nilimkatalia kwa sababu nilikuwa mchoyo, basi. Daktari aliniambia mtu wa pumu akiimeza bila kupimwa inaweza kumfunga kifua kabisa. Mwenye sukari naye aseme, kwa sababu sukari ikishuka mtu hutetemeka na moyo kudunda, ndiyo alama yake, na hii dawa inaweza kuificha hiyo alama. Jasho ndilo linabaki. Na ukiona kizunguzungu cha kuanguka, au moyo umekuwa wa polepole sana, unarudi hospitali uwaambie. Hukai nyumbani ukijiamulia.

Nilipoondoka walikuwa wamenibadilishia kipimo. Bado vidole vina baridi kidogo, nimenunua glavu. Bado siko mwepesi kama zamani. Mlango bado ni mgumu, na siku moja itabidi ufunguliwe na madaktari wa Nairobi, nangoja zamu yangu. Lakini niko hapa, nimesimama, na mnaona napiga kelele.

Sasa niseme lile lililobaki, halafu nishukuru. Mlikuja kuniona wodini. Mlikuja wote, na vitenge, na soda, na ndizi, mkaniombea mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akasema amina. Nikafurahi. Kumbe siku hiyo hiyo mvua ilikuwa imeanza, na mlikuwa mmekaa kikao mkasema zamu yangu imepotea kwa sababu sikumaliza kulipa jasho. Nilikuwa nimelala na mpira puani, na mlisema sijalipa! Hakuna aliyeniambia. Msichana wangu aliacha kunitembelea, nikadhani amechoka nami. Alikuwa kwenye matope na bibi yake na baba yake aliyeacha kazi akarudi, na yule wa Embu na mumewe, wanafukua walichoweza. Kingine chote kilioza. Harufu yake nilikutana nayo barabarani kabla sijafika nyumbani. Chuo msichana alingoja mwaka mwingine.

Namshukuru Mungu. Namshukuru huyo dada aliyetoka Embu, aliyekalia udongo. Namshukuru dereva na magunia yake. Namshukuru yule daktari aliyeleta kiti. Nawashukuru na nyinyi kwa ndizi. Nazishukuru, msione nafanya mzaha.

Fundisho langu si refu. Kwenye kuchimba waru kuna kazi ya kukaa. Kuchagua kubwa na ndogo, kushona magunia, kupika. Mtu wa moyo afanye hiyo, ihesabiwe jasho kamili. Na kuegemea jembe mkimwangalia mtu, hiyo iishe. Mwenyekiti, andika hiyo. Sijaomba, nimesema.

Na kesho tunaanza. Kesho asubuhi, shamba la kwanza. Kwa hivyo najua humu ndani sasa hivi kuna dawa zimepandishwa juu ya kabati jana na juzi. Aliyeweka jana, akitoka hapa aende ameze ya leo kama kawaida, na asimeze mbili mbili. Aliyeacha tangu juzi au zaidi asirudie kivyake, kesho aende kliniki kabla ya shamba, nitampeleka mwenyewe.

Na wewe, mama yangu, uliyeniletea kabichi. Sikutaji. Nimekukasirikia mwaka mzima na bado nimekukasirikia. Wakati wa salamu hapa umeniambia kichwa kinakuuma tangu asubuhi, na ukacheka ati ni jua. Huku kwetu jua liko wapi leo? Mimi nimemaliza kusema. Simama pole pole, kama mtu anayeenda zake nyumbani, hakuna atakayekujua. Nitatoka nyuma yako. Hatungojei kesho, tunaenda kupimwa hiyo presha sasa.